Makufuli ya Boksi Moja

Uvumi wenyewe ulikuwa huu: kuna mtu ametokea Mikumi, hafungiwi mlango. Anachomeka kibanio cha nywele kwenye kufuli, anazungusha mara moja, kufuli linamwachia. Anaingia mchana kweupe wenye nyumba wakiwa shambani.

Editha aliusikia mara moja tu, ukakataa kumtoka. Akipika yuko nao. Akipalilia yuko nao. Ndiyo maana alimsumbua mumewe Herman mpaka akaweka mlango wa chuma, kabla hajarudi Kidodi kwenye lori lake la miwa. Ndiyo maana akanunua kufuli jipya, kubwa kama ngumi. Na ndiyo maana, shule zilipofungwa, kila akienda bustanini alimfungia mwanawe Brightness ndani, kufuli likiwa nje.

Sasa, msomaji, moshi tuliouacha juma lililopita bado unatoka dirishani. Editha bado amepiga magoti mbele ya mlango wake mwenyewe, hapo Magomeni, Kilosa. Mtoto wa miaka minane anakohoa ndani. Ufunguo aliufunga kwenye pindo la khanga, na fundo limelegea huko bustanini. Funguo za akiba zipo, tena mbili. Ziko ndani, kwenye kikombe, kabatini.

Mkononi ana kibanio cha nywele.

"Chomeka, shemeji! Chomeka uzungushe!"

Aliyepiga kelele ni Nickson, mdogo wake Herman, dereva wa bodaboda. Huyu akishashusha abiria wake wa mwisho, makazi yake ni kibanda umiza, banda la kuonyesha muvi. Hakuna muvi ya kutafsiriwa inayompita.

Editha akachomeka. Akazungusha. Kibanio kikapinda kama tambi.

"Nipishe! Hiyo kazi ina akili yake." Nickson akachomoa kibanio kingine kichwani kwa Editha, akalaza sikio juu ya kufuli. "Nyamazeni wote! Kuna kitu kinalia tiki. Stelingi huwa anaisikilizia hiyo tiki."

"Mwanangu anakufa, wewe unasikiliza tiki?"

"Sekunde tatu tu, shemeji. Muvi zote ziko hivyo."

Tatu zikapita. Thelathini zikapita. Kibanio kikamchoma kidole, damu ikamchuruzika hadi kwenye kiwiko. Kufuli limetulia kimya.

"Hiyo tiki iko wapi, baba?" akauliza mama mmoja aliyekuja na ndoo ya maji.

Ndani kikohozi kikakoma.

Editha alipiga mlango kwa viganja, kwa viwiko, kwa kichwa. Madirisha yana nondo. Kijana aliyetumwa mtaimbo kwa mafundi ujenzi hajarudi. Nickson akaokota jiwe, akalipiga kufuli. Jiwe likapasuka vipande viwili.

"Nipisheni! Nipisheni jamani!"

Monica, jirani wa nyumba ya tatu, alikuwa anakuja mbio na kiatu kimoja. Mkononi ana ufunguo.

"Huo wa wapi?" Editha akafoka.

"Wa kwangu! Si tulinunua duka moja? Ngoja nijaribu, haudhuru kitu!"

Akauingiza. Akageuza kidogo tu.

Kufuli likafunguka.

* * *

Brightness alitolewa amekunjamana kama nguo iliyokamuliwa. Akamwagiwa maji. Akapepewa. Akatapika, akalia, na kilio kile kikawa raha kwa watu wote pale uani. Kilichoungua ni gunia la pumba na nusu ya godoro.

"Mungu ni mwema," wakasema wanawake.

"Bahati yako, mwenzangu," Monica akasema, anahema. "Makufuli yamefanana tu. Mara moja katika mia."

Editha akamshukuru. Akamkumbatia hata. Lakini walipoondoka, akaketi na mwanawe kwenye mkeka, anamfuta masizi puani, na mtoto akanong'ona:

"Mama, sijachezea moto."

"Najua. Cheche imerukia gunia."

"Siyo cheche. Yule baba ndiye alipiga jiko teke."

Mkono wa Editha ukasimama.

"Baba gani?"

"Aliyeingia."

"Aliingia wapi, Brightness? Kufuli lilikuwa mlangoni."

"Alifungua."

"Na kibanio? Alikuwa na kibanio cha nywele?"

"Hapana. Na ufunguo. Kama wewe."

Mtoto akaeleza yote. Alikuwa kitandani, ndani ya chandarua. Mtu akaingia taratibu, hakuita hodi. Akafungua sanduku la baba, akapekua. Akafungua kabati. Akageuka, wakaonana uso kwa uso. Mtu yule akaruka kinyumenyume kama amekanyaga nyoka, akalipiga jiko la maharage teke, makaa yakatapakaa hadi kwenye gunia.

"Halafu?"

"Akatoka. Nikamwambia, baba, kuna moto. Akaniangalia. Akafunga mlango. Nikasikia kufuli."

Editha akamvuta mtoto karibu.

"Ukimwona tena utamjua?"

"Nitamjua. Na yeye amenijua."

Usiku huo usingizi hata haukumkaribia Editha. Mtu mwenye ufunguo wa mlango wangu. Nani ana ufunguo wa mlango wangu? Na nani, leo hii, mbele ya watu wote, ameufungua mlango wangu kwa ufunguo wake?

Monica.

Tena ule uvumi wa kibanio, nani aliyeuleta pale kwake? Monica huyo huyo, ameshika kiuno, macho yamemtoka.

Editha akafunga mdomo. Hakumwambia mtu. Hapo ndipo alipokosea, msomaji, na kosa lile lina mkia mrefu.

* * *

Asubuhi na mapema alimpeleka Brightness kwa Bibi Paulina, mjane wa miaka sabini na ushee, mtu wa kanisa, nyumba yake inatazamana na duka.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Poleni na moto."

"Tumeshapoa. Bibi, naomba unikalie na huyu mpaka jioni. Nina safari ya Mikumi. Usimfungulie mtu yeyote. Hata Monica."

"Hata Monica? Si ndiye aliyemwokoa?"

"Hata yeye, bibi."

"Kuna nini?"

"Hakuna kitu."

Bibi akamshika mtoto mkono. "Haya. Nikitoka kidogo nitamfungia. Nami nina kufuli jipya, imara kweli."

Nje akakutana na Monica, ana kikombe cha uji mkononi.

"Nimemletea mgonjwa wetu. Kaamkaje?"

"Kaamka," Editha akajibu, akampita kama anayepita mti.

"Mama Brightness! Nimekukosea nini?"

Hakugeuka. Akapanda pikipiki ya Nickson, kufuli lake limo kwenye mfuko wa rambo na ufunguo mmoja wa akiba. Huko njiani ndiko alikomweleza shemeji yake aliyoyasema mtoto. Nickson nusura aingie mtaroni.

"Umenificha hilo tangu jana?"

"Endesha."

"Shemeji, huyo mtu ni hatari! Na ufunguo ni geresha tu. Ukweli ni kibanio. Kwenye muvi nyingine niliona jamaa amefungua benki nzima kwa..."

"Jana ulisikia tiki?"

Nickson akanyamaza hadi Zombo.

* * *

Pale Mikumi, kando ya barabara kuu ya malori, kuna fundi wa vitasa na makufuli anaitwa mzee Lupakisyo. Meza yake haina nafasi hata ya kuweka kikombe, imejaa funguo kama dagaa waliomwagwa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, wanangu. Kimevunjika nini?"

Editha akaweka kufuli mezani. "Hili lilifunguliwa na ufunguo wa jirani. Nataka kujua kama jirani amechonga ufunguo wangu, maana mwanangu ameona mtu akiingia nao."

Kabla mzee hajajibu, Nickson akaingilia. "Mzee, kwanza tutolee ubishi. Mtaalamu kama wewe, kibanio cha nywele, hili unalifungua kwa sekunde ngapi?"

Mzee Lupakisyo alicheka mpaka akavua miwani.

"Kibanio mimi nabania risiti. Kijana, humu ndani kuna vipini vidogo vimesimama kwenye springi, kila kimoja na kimo chake. Ufunguo unavinyanyua vyote kwa pamoja, ndipo tumbo la kufuli linazunguka. Ukitaka kufanya bila ufunguo, huwezi na kitu kimoja. Unahitaji mkono mmoja unasukuma huku mwingine unapapasa. Huyo wa kwenye muvi anatumia kijiti kimoja, anaongea na mchumba wake huku anatazama nyuma. Anazungusha nini?"

"Lakini linafunguka, mzee, tunaona."

"Linafunguka kwa sababu halikufungwa. Waigizaji hao, baba. Anayepiga picha ana haraka ya kula."

Editha hakucheka. "Wewe unaweza?"

"Na zana zangu, nikiamka vizuri." Mzee akalibana kufuli kwenye jiliwa la mezani, akatoa vyuma viwili vyembamba, akainama. "Hesabu, kijana. Hiyo simu yako ina saa."

Nickson akahesabu. Dakika moja. Tatu. Jasho likamtoka mzee kwenye nyusi. Dakika ya saba akaachia, akatikisa vidole, akaanza upya. Dakika ya kumi na moja akaweka vyuma chini.

"Bado. Vumbi limeingia, moja ya springi imelegea. Labda saa nzima, labda nisipate kabisa. Na hapa nimekaa kivulini, nina meza, nina miwani, hakuna anayenifukuza. Mwizi ana hivi vitu? Mwizi hafungui kufuli, mama. Anang'oa pete za mlango. Anapanda bati. Au anatafuta ufunguo."

"Basi Monica aliutoa wapi?"

Mzee akachukua ule ufunguo wa akiba, akausogeza karibu na pua. Akauinamisha kwenye mwanga.

"Kijana," akasema polepole, "huo ufunguo unaoning'inia hapo kwenye swichi ya pikipiki yako, ni wa wapi?"

"Wa geto langu, chumba changu pale mtaani."

"Lete."

Nickson akauchomoa, akampa. Mzee akauingiza kwenye kufuli la Editha. Akageuza.

Likafunguka.

Lori likapita, likapiga honi, hakuna aliyegeuka.

"Yaani jana..." Nickson akaanza.

"Jana," Editha akasema, na sauti haikuwa yake, "wakati unasikiliza tiki, ufunguo wa mlango ulikuwa mfukoni mwako."

Nickson akakaa chini, hivyo hivyo, kwenye vumbi.

"Msilaumiane," mzee akasema. "Someni hapa." Akalaza funguo mbili pamoja. Kwenye shingo ya kila mmoja pamepigwa namba ndogo, ya kusoma kwa kukodoa. Elfu tatu mia moja na nne. Elfu tatu mia moja na nne.

"Namba hii ndiyo sura ya ufunguo. Kwa kawaida boksi likija lina namba mchanganyiko. Lakini yapo maboksi yanatoka kiwandani namba moja tupu. Hayo ni ya mwenye maghala, ana milango ishirini, hataki kutembea na mzigo wa funguo. Siyo ya kuuza mtaani. Mlinunua wapi?"

"Kwa Anselmi, duka la pale kwetu. Alileta mengi, yakaisha wiki moja. Watu walikuwa na hofu ya yule wa kibanio."

"Mtaa mzima?"

"Mtaa mzima."

"Basi mtaa mzima mna ufunguo mmoja. Jirani yako hana kosa, mama. Ufunguo wake ni wako, na wako ni wake. Aliyeliletea duka boksi lile, huyo ndiye wa kuulizwa." Akavaa miwani, akamtazama Editha usoni kwa mara ya kwanza. "Na huyo mtoto aliyemwona mtu, umemwacha wapi?"

"Kwa Bibi Paulina. Yuko salama, amemfungia nd..."

Akakumbuka maneno ya Bibi ya asubuhi:

Nami nina kufuli jipya, imara kweli.

* * *

Bibi Paulina hakupatikana kwenye simu. Mara ya kwanza, mara ya pili. Ilikuwa Alhamisi, siku ya akina mama kanisani, na simu ya Bibi ikifika kanisani huwa inazimwa.

Pale mtaani Editha alikuwa na namba moja tu iliyobaki ya kupiga. Ya mtu aliyempita asubuhi kama mti.

Iliita sana.

"Leo umenikumbuka?" Monica akasema, kavu.

"Dada Monica, nisamehe, utanitukana baadaye. Kimbia kwa Bibi Paulina. Sasa hivi. Usikate simu."

"Kuna..."

"Moto wa jana uliwashwa na mtu. Aliingia na ufunguo. Brightness amemwona sura, na mimi nikanyamaza, nikakudhania wewe. Kimbia!"

Zikasikika kandambili zinapiga ardhi, pumzi, kuku aliyerushwa njiani. Nickson alikuwa amesimama, mzee Lupakisyo amesimama, wote wamesogeza masikio kwenye simu ile ndogo.

"Nimefika." Monica anahema. "Mlango umefungwa. Kufuli liko mahali pake, Mama Brightness. Limefungwa vizuri."

Editha akashika meza.

"Ita."

"Brightness! Bra! Ni mimi, mama mkubwa!"

Kimya.

"Fungua na ufunguo wako," Editha akasema.

"Huu ni mlango wa Bibi, wangu hauwezi..."

"Utafungua."

Kikasikika chuma kikigusa chuma. Halafu mlio wa mlango. Halafu kitu ambacho Editha atakisikia maisha yake yote: Monica anatembea ndani ya nyumba, chumba kwa chumba, bila kusema neno.

"Monica."

"Uji uko mezani. Bado una joto. Viatu vyake havipo."

"Muulize Anselmi! Duka liko hapo mbele!"

Sauti ya Anselmi ilisikika kwa mbali, kisha karibu, bado ina utulivu wa mtu anayepima sukari.

"Brightness? Si ameondoka na mjomba wake. Hata nusu saa haijaisha."

"Mjomba gani, wewe baba?" Monica akapiga kelele.

"Mjomba wa Kidodi. Kanisalimia vizuri tu, akasema Herman kamtuma amchukue mtoto akapumzike moshi wa jana. Mimi nilitaka kumhoji, lakini nikaona ana ufunguo. Kafungua, kamtoa, kafunga tena. Mtu ana ufunguo wa Bibi, mimi namkataliaje? Mwenye ufunguo si ametumwa na mwenye nyumba?"

"Alilia? Mtoto alilia?" Editha akauliza.

"Alikuwa kimya. Alinitazama tu." Hapo ndipo sauti ya Anselmi ilipoanza kupoteza utulivu wake. "Alinitazama sana."

"Ulimjua huyo mtu? Umewahi kumwona?"

"Nimewahi, kwa nini nisimjue? Ndiye aliyeniletea boksi la makufuli."

Monica akatoa mguno. "Mama Brightness... unasikia? Ule uvumi wa kibanio. Niliokuletea. Mimi niliusikia hapa hapa dukani. Kwa huyo huyo. Alikaa pale kwenye benchi, anakunywa soda, anatusimulia. Mtu wa Mikumi hafungiwi mlango, alisema. Boksi lilikuwa miguuni pake."

Mzee Lupakisyo akafumba macho.

Mtu ametengeneza mwizi wa kwenye muvi, akawatisha nao watu, kisha akawauzia dawa. Na ufunguo wa dawa akabaki nao mfukoni. Wiki nzima watu wa Magomeni walikuwa wanamwogopa mwenye kibanio, na huku wanafunga milango yao kwa kufuli la mwizi mwenyewe.

"Wameelekea wapi?" Nickson akauliza kwenye simu.

"Pikipiki nyekundu," Anselmi akajibu, sasa analia. "Wameshika njia ya Mikumi. Nakimbilia polisi. Nakimbia, jamani, nakimbia."

* * *

Barabara ni moja.

Nickson aliendesha kama hajawahi kuendesha, na Editha hakumwambia apunguze. Vumbi linawaingia mdomoni. Kila pikipiki iliyotokea mbele, moyo wa Editha unasimama. Moja ina magunia ya mkaa. Moja ina kitanda. Moja ina mbuzi amefungwa, analia kama mtoto, na Editha akapiga kelele kabla hajaona pembe.

"Nikiiona naweka pikipiki katikati ya njia," Nickson akasema kwa kupaza sauti. "Naizuia hivi, ubavu. Kama..."

"Usiseme kama kwenye muvi. Mwanangu amekaa katikati yao. Wakianguka, anaanguka yeye."

"Basi tufanyeje?"

Editha akakaza macho mbele, akitafuta rangi nyekundu.

Walipokaribia Zombo, pale njia inaposhuka kwenye kijito kilichokauka, wakaiona. Pikipiki nyekundu. Haikuwa inakimbia. Ilikuwa imesimama kando, dereva wake amechuchumaa anatazama tairi la nyuma. Kwenye kivuli cha kichaka amesimama mwanamume mnene wa wastani, shati jeupe limepigwa pasi. Mkono wa kushoto ameshika mkono wa mtoto mwenye gauni la njano.

Nickson akakata mafuta. Pikipiki ikaviringika yenyewe, polepole, mpaka hatua ishirini.

Brightness akamwona mama yake.

Editha akashuka.

Mwanamume yule hakukimbia. Hakushtuka hata. Akatabasamu, kama mtu aliyekuwa anamsubiri mgeni na mgeni amefika. Akauachia mkono wa mtoto, akaingiza wake mfukoni taratibu.

"Mama Brightness," akasema. "Afadhali umekuja mwenyewe. Herman hajakwambia ni nani aliyenipa namba ya lile boksi?"

* * *

Editha tunamwacha pale kwenye kijito hadi juma lijalo; wewe mzazi unayesoma hapa inuka kwanza ukatazame mlango wako. Haya ni ya kuepuka:

Usinunue kufuli bila kusoma namba kwenye ufunguo. Ukikuta la jirani lina namba hiyo hiyo, rudisha lako dukani.

Usikimbilie kununua kitu kwa sababu ya hofu aliyoileta mtu anayekiuza.

Usimfungie mtoto ndani kwa kufuli la nje, hata kwa dakika tano za kwenda mashineni. Moto hausubiri ufunguo.

Usiweke funguo za akiba zote ndani ya nyumba ile ile unayoifunga.

Usiweke ufunguo juu ya mlango, chini ya kinu, wala kwenye chungu cha maua. Mahali hapo panajulikana.

Usiufunge kwenye pindo la khanga ukienda kuinama shambani.

Usimwachie mtu ufunguo wako akaondoka nao, akasema ataurudisha jioni.

Usipoteze muda na kibanio wala kijiti. Mwite mwenye mtaimbo, ng'oa pete za mlango, vunja.

Usimruhusu mtu kumchukua mtoto wa jirani kwa kuwa tu ana ufunguo. Piga simu kwa mama yake kwanza, hata kama mtu huyo amekusalimia vizuri.

Mtoto akikwambia ameona mtu ndani, usinyamaze hadi kesho. Usichague wa kumwambia na wa kumficha. Toka nje, waambie wote, siku hiyo hiyo.